MOTO WA MSITU HUZIMWA KABLA HAUJAWAKA



Wengi wetu tuliosoma katika shule za misheni twakumbuka jinsi mwalimu alivyotufundisha habari za Mtume Yakobo, ambaye katika waraka wake aliufananisha ulimi wa mtu na moto mdogo uwezao kuteketeza msitu mkubwa. Mwalimu alitaka tujifunze kuuchunga ulimi, na labda wengine wetu tulijifunza. Lakini leo katika ukurasa huu hatusemi juu ya ulimi. Twasema juu ya cheche yenyewe na msitu wenyewe, na juu ya watu wanaoitwa usiku kwenda kuzima moto, na kulipopambazuka hakuna awakumbukaye.

Ndugu zetu wanaofanya kazi katika sehemu za milimani wajua tunalosema. Tangu Limuru kuteremka mpaka Kijabe, na tangu Molo kupanda Mau Summit mpaka Timboroa, ambako reli hupita zaidi ya futi 9,000 juu ya bahari, msitu uko karibu na njia yetu. Ikifika Januari majani hukauka, upepo hushuka mlimani, na mpaka mvua za masika zianze, mwisho wa Machi au Aprili, kila mtu hulala na jicho moja wazi. Machi 2012 moto uliwaka katika Mlima Kenya na katika Aberdare. Februari 2022 Aberdare iliwaka tena. Na kwa jirani zetu Tanzania, Oktoba 2020, Kilimanjaro iliwaka siku nyingi, na mamia ya watu walipanda kuuzima, wapagazi na wanafunzi wakiwamo, wengi wao bila kifaa zaidi ya tawi bichi na panga.

Kila mara mambo huwa ni yale yale. Moshi ukionekana, watu hukimbia. Wakubwa hupiga simu. Ndege hutafutwa. Magazeti huandika. Kisha mvua hunyesha, majani huota, na watu wote husahau mpaka Januari nyingine. Sisi twasema kwamba huko ni kuanza kazi kutoka mwisho. Moto wa msitu huzimwa Novemba na Desemba, kwa fyekeo na jembe, wala haungojwi mpaka Februari ndipo utafutiwe ndege. Na mtu mwenye fyekeo na jembe ni nani? Ni mwanachama wa chama hiki.

MOTO UNAKULA NINI

Kabla hatujaenda mbele, yatupasa kuelewa adui wetu. Moto wataka vitu vitatu: chakula, hewa, na joto la kuuanzisha. Ukiuondolea kimoja tu, unakufa. Ndani ya nyumba twaweza kuunyima hewa kwa blanketi, na karibu na mto twaweza kuupoza kwa maji. Lakini juu ya mlima maji yako mbali, na hewa ni ya Mungu. Basi kinachobaki katika uwezo wa mfanya kazi ni chakula chake, yaani majani makavu, matawi yaliyoanguka, magome, na takataka za miti iliyokatwa.

Kwa hiyo silaha ya kwanza ya msitu ni kinga ya moto. Kinga hii ni ukanda wa ardhi uliofyekwa na kupalilwa mpaka udongo mtupu uonekane. Moto ukifika hapo haukuti chakula. Cheche zaweza kuruka juu yake upepo ukiwa mkali, kwa hiyo lazima wawepo watu wa kuzilinda. Lakini bila ukanda huo hata watu mia hawana mahali pa kusimama.

Angalieni sasa njia ya reli. Tuta letu lenye kokoto, likifyekwa pande zote mbili, ni kinga ya moto ndefu kuliko nyingine zote katika milima hii. Lakini tuta lile lile likiachwa liote majani mpaka kiunoni, linageuka kuwa utambi. Moto huingia upande mmoja wa msitu na kufuata majani ya reli mpaka upande wa pili. Reli ni ile ile na kokoto ni zile zile. Tofauti yake ni fyekeo tu.

KISA CHA GENGE LETU

Tutawaambia tuliyoyaona wenyewe. Mahali hatupataji, wala mkandarasi aliyehusika hatumtaji, maana nia yetu si kumshitaki mtu katika gazeti.

Katika sehemu moja ya msituni genge letu lilikuwa na watu 14. Kila mwisho wa mwaka, mvua za vuli zilipokwisha, nyapara alitutoa wote tukafyeka pande zote mbili za njia kwa muda wa siku 6. Ilikuwa kazi ya kuumiza mgongo, na hakuna aliyeisifu, kwa sababu kazi ikifanywa vizuri hakuna kitu kinachotokea. Kisha kazi ya kufyeka ikapewa mkandarasi. Genge likapunguzwa mpaka watu 6. Mkandarasi alifyeka karibu na stesheni, mahali ambapo wakaguzi hushuka kwenye troli na kunyoosha miguu. Huko ndani msituni, ambako hakuna mtu wa kushuka, majani yalibaki.

Mwezi wa Februari gari la mizigo lilikuwa likiteremka, na behewa moja breki zake zilikuwa zimeng'ang'ania gurudumu. Wenye kazi ya reli wajua mambo hayo. Chuma cha breki huwa chekundu, na vipande vidogo hudondoka kama mbegu. Dereva hakuweza kuona, maana behewa lilikuwa nyuma sana, na pale reli ilikata kona. Gari lilipokwisha kupita moshi ulikuwa mahali patatu. Tulipofika na troli mahali patatu palikuwa pamekuwa pamoja, na moto ulikuwa umeanza kupanda mlima.

Tulipigana nao siku mbili na usiku mmoja. Walikuja askari wa misitu, wakaja wananchi wa kijiji cha chini, wakaja akina mama na madebe ya maji ya kunywa, ambao bila wao tungalianguka. Watu wote walikuwa kama 120. Mwenzetu mmoja alikuwa amevaa ndala, kwa sababu viatu vya kazi vilikuwa vimeahidiwa tangu mwaka uliopita. Alikanyaga kisiki kilichokuwa kikiungua ndani kwa ndani, juu kikiwa na jivu tu, na nyayo zake zote mbili ziliungua. Alilala hospitali wiki tano.

Ripoti iliandikwa. Hasara iliyotajwa ilikuwa mataruma 11 ya mbao na alama mbili za njiani. Miguu ya mwenzetu haikuandikwa. Na siku ya mshahara ilipofika tulikuta siku mbili zimekatwa kwa sisi wote sita, kwa sababu siku hizo hatukuonekana katika kazi ya njia. Tulipouliza, tulijibiwa kwamba msitu si mali ya reli na hakuna aliyetuamuru kuingia humo.

Hesabu ya jambo hili hata mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya. Zamani watu 14 kwa siku 6 ni siku za kazi 84. Moto ule ulichukua watu 120 kwa siku mbili, yaani siku za kazi 240, mbali na miti iliyoteketea, mbali na magari yaliyosimamishwa, na mbali na nyayo mbili za mtu. Huo ndio uchumi tulioambiwa kwamba utapunguza gharama!

WENZETU WA HINCKLEY

Huenda mtu akadhani kwamba mambo haya ni ya hapa kwetu tu. Sivyo. Wafanya kazi wa reli wamekutana na moto wa msitu katika nchi nyingine pia, na hapa twataka kuwasimulia kisa kimoja cha Marekani, kwa sababu mashujaa wake ni watu wa kazi yetu.

Katika jimbo la Minnesota ulikuwako mji mdogo wa wapasua mbao uitwao Hinckley, ambapo njia mbili za reli zilikutana. Wakata miti wa huko walichukua magogo mazuri, wakaacha matawi na vilele chini, eka kwa maelfu. Mwaka 1894 mvua ilikosa kunyesha. Cheche za injini na mioto ya watu waliokuwa wakisafisha mashamba ilifuka katika takataka hizo kwa majuma mengi, na watu wakazoea moshi kama sisi tunavyozoea vumbi. Siku ya Jumamosi, tarehe 1 Septemba 1894, upepo ulivuma, mioto miwili ikaungana, na kwa muda wa saa nne hivi mji huo na vijiji vya karibu viliteketea. Watu zaidi ya 400 walikufa.

Alasiri hiyo dereva James Root alikuwa akileta gari la abiria kutoka Duluth. Kabla hajafika mjini alikuta watu wakikimbia juu ya reli huku moto ukiwa nyuma yao. Aliwapakia, akarudisha gari nyuma kwa mwendo wa maili kadha mpaka ziwa dogo la matope liitwalo Skunk Lake. Vioo vilipasuka kwa joto, yeye mwenyewe alikatwa na kuungua, na mchochea moto wake, John McGowan, alimmwagia maji ili mikono yake isiiache injini. Ndani ya mabehewa mtumishi wa gari, John Blair, mtu mweusi kama sisi, alipita katikati ya abiria akigawa maji na vitambaa vilivyoloweshwa na kuwatuliza waliopatwa na wazimu wa hofu. Watu kama 300 waliokoka katika matope yale.

Katika njia ile ya pili, gari la abiria na gari la mizigo yaliunganishwa na kuchukua watu karibu 500. Dereva William Best alizishika breki ili gari lisiondoke mapema, wapate kupanda wengine waliokuwa wakija mbio. Likavuka daraja la mto Kettle dakika chache tu kabla daraja halijaanguka. Na karani wa telegrafu, Thomas Dunn, alikaa penye mashine yake mpaka nafasi ya kukimbia ikampita, akafa.

Ndugu, watu hao twawaheshimu. Lakini katika kisa hicho kiko kitu kingine ambacho husahauliwa. Karibu na mji lilikuwako shimo kubwa ambalo kampuni ya reli ililichimba ili kupata kokoto. Ndani yake mlikuwa na maji kidogo ya mvua na udongo mtupu. Watu kama 100 waliingia humo, wakaokoka. Shimo lile halikuwa na ushujaa wo wote. Lilikuwa halina chakula cha moto, basi! Kama ardhi tupu namna ile ingaliuzunguka mji wote, na kama matawi yale yangaliokotwa, labda leo tusingalijua jina la James Root, naye angalizeeka kama dereva ye yote. Mwaka uliofuata, 1895, serikali ya Minnesota ilitunga sheria ya kuweka walinzi wa moto wa misitu, ikamweka C. C. Andrews kuwa mkuu wao. Walinunua akili kwa roho za watu 400. Sisi si lazima tuinunue kwa bei hiyo.

MTU ALIYEUNGUA ALIPWE NA NANI?

Kisa cha pili ni kifupi. Tarehe 20 na 21 Agosti 1910, katika majimbo ya Idaho na Montana, huko huko Marekani, upepo mkali uliigeuza mioto mingi kuwa mmoja, ukateketeza eka milioni 3. Mingi katika mioto hiyo ilikuwa imeanzishwa na radi, na mingine na cheche za injini za reli. Waliokufa hawakupungua 85, na wengi wao walikuwa vibarua walioandikwa ili wauzime. Msimamizi mmoja, Ed Pulaski, aliwaingiza watu wake zaidi ya 40 ndani ya shimo la mgodi wa zamani, akasimama mlangoni akipigana na moshi na miali. Watano walikufa, wengine wote walitoka hai. Pulaski aliumia macho na mapafu, na serikali aliyoitumikia haikumlipia matibabu yake. Baadaye alitengeneza chombo chenye shoka upande mmoja na jembe upande mwingine, ambacho hata leo wazima moto hukitumia, nacho kinaitwa kwa jina lake.

Chombo kinaitwa kwa jina lake, lakini mganga alijilipia mwenyewe! Tangu 1910 imepita zaidi ya miaka mia, lakini mwenzetu wa ndala angekisikia kisa hiki angedhani ni cha juzi.

Hapa Kenya hatukosi sheria. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria ya usalama na afya kazini, inayomtaka mwajiri ampe mfanya kazi vifaa vya kumkinga, na mwaka huo huo sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini. Sheria ya misitu ya 2016 nayo yakataza mtu kuwasha moto msituni bila ruhusa. Kinachokosekana ni jambo dogo: hakuna karatasi inayosema kwamba mtu wa genge akiuzima moto ng'ambo ya mpaka wa reli yuko kazini. Hapo ndipo pa kupotelea. Kama hayuko kazini, viatu si haki yake, mshahara si haki yake, na fidia itakuwa kesi ya miaka.

WANAOSEMA MSITU SI KAZI YETU

Wako wanachama wetu wanaosema, "Basi tuuache uwake. Msitu una wenyewe." Twaelewa hasira yao, lakini hatukubaliani nao.

Kwanza, moto haujui mpaka wa reli, na waya za simu, nyumba za genge na watoto wetu wako huko huko. Pili, mteremko ulioungua hauna mizizi ya kushika udongo. Mvua ya kwanza ya masika huteremsha jivu, matope na magogo, karavati zinaziba, maji yanapanda juu ya tuta, na kokoto zinakwenda zake. Moto wa Februari ndio unaotutoa kitandani mwezi wa Aprili kwenda kuinua reli iliyoning'inia. Tatu, maji tunayokunywa hutoka humo. Mto Njoro, mto Molo, Sondu na Mara, yote chanzo chake ni Mau. Mtu aliyezaliwa Narok au Baringo au Nyanza asiseme msitu una wenyewe. Mwenyewe ni yeye.

Vile vile tusijisifu kupita kiasi. Tumewaona wenzetu wakipika chai kando ya njia na kuacha makaa yakiwa mekundu. Tumewaona wakitupa kichungi cha sigara kutoka mlango wa behewa. Tumeona vyuma vikikatwa kwa mashine mchana wa jua kali, cheche zikiruka mpaka kwenye majani, na hakuna hata ndoo moja ya maji karibu. Mrina asali, mchoma makaa na mchungaji anayetaka majani mabichi hulaumiwa kila mwaka, na mara nyingi ni haki. Lakini tukimnyoshea yeye kidole, tuangalie kwanza mfuko wetu kama hamna kiberiti.

Tena tusidhani kwamba kila moto ni uovu. Huko Marekani, tangu 1935, misitu ya serikali ilikuwa na amri kwamba kila moto uwe umezuiwa kabla ya saa nne asubuhi ya kesho yake. Katika miaka ya 1970 amri hiyo iliachwa, kwa sababu mahali pengi msitu usioungua kabisa ulikuwa umejikusanyia takataka za kutosha kwa moto ambao hakuna wa kuuzima. Kuchoma ukanda mwembamba mapema, majani yakiwa na unyevu bado, kwa ruhusa ya wenye misitu, na watu wakiwa wamesimama pande zote, ni kazi nzuri. Kuchoma peke yako kwa sababu umechoka kufyeka ni hatia.

YA KUKUMBUKA SIKU YA MOTO

Yafuatayo tuliyapata kwa wakubwa wa kazi hii na kwa makosa yetu wenyewe. Mwenye kujua kusoma na awasomee wenzake wa genge.

1. Moto hupanda mlima upesi kuliko mtu. Usisimame juu yake kamwe. Uanzie nyuma au ubavuni.

2. Anzieni mahali ambapo moto hauwezi kuwazunguka: penye njia, mto, mwamba, au palipokwisha kuungua na kupoa.

3. Kabla ya kupiga pigo la kwanza, kila mtu ajue njia ya kukimbilia. Mtu mmoja mwenye macho mazuri asipigane. Kazi yake ni kuangalia upepo na kupiga filimbi.

4. Fyekeni na kupalilia mpaka udongo. Majani yaliyokatwa yatupwe upande usio wa moto.

5. Usiku na alfajiri moto huwa umechoka. Mchana wa saa sita mpaka saa kumi ndio wenye nguvu. Pigeni kazi wakati wake, msishindane naye wakati wenu.

6. Asiwepo mtu wa kuwasha moto wa kupambana na moto ila kwa amri ya aliyefundishwa. Wengi wamekufa kwa moto wa rafiki.

7. Vaeni pamba au sufu. Nguo za nailoni huyeyuka juu ya ngozi. Viatu vigumu, si ndala. Kunyweni maji kabla ya kusikia kiu.

8. Miali ikizimika, kazi imefika nusu. Visiki na mizizi huungua chini kwa chini siku nyingi, hasa katika msitu wenye mboji nene. Leta nyuma ya mkono wako karibu na jivu polepole. Ikiwa lina joto bado, chimba, changanya na udongo, na chimba tena. Asiondoke mtu mpaka liwe baridi.

TUNALOTAKA

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wazee waliyasema maneno hayo juu ya umoja, kwamba kijinga kimoja peke yake huzimika, viwili vikiwekwa pamoja huwaka. Sisi twataka kutumia umoja huo huo ili moto usiwake. Kwa hiyo halmashauri ya tawi letu italeta mbele ya mkutano mkuu mambo manne, na twawaomba wanachama wote wayafikiri kabla ya kuja.

Jambo la kwanza: kila sehemu ya msituni ifyekwe hatua 10 kila upande wa njia kabla ya mwisho wa Desemba, na genge la sehemu hiyo lifanye kazi hiyo au liikague. Mkandarasi asilipwe mpaka nyapara wa sehemu ametembea kwa miguu, si kwa troli, akatia sahihi.

Jambo la pili: mfanya kazi akiitwa au akienda kuzima moto karibu na njia, ahesabiwe yuko kazini tangu atokapo nyumbani mpaka arudipo, pamoja na saa za ziada, na akiumia aandikwe kitabuni siku hiyo hiyo.

Jambo la tatu: kila stesheni ya msituni iwe na sanduku la moto lenye mafyekeo, mareki, mapanga, mitungi ya maji ya kubeba mgongoni, tochi, dawa za kuungua na viatu. Funguo ziwe kwa mtu anayelala hapo, si kwa mkubwa anayelala mjini.

Jambo la nne: kuwe na mapatano ya maandishi na maofisa wa misitu, na vyama vya wananchi wanaotunza misitu, ya nani ampigie nani simu, na nani awe msimamizi moto ukitokea. Mwaka ule wasimamizi walikuwa watatu na amri zilikuwa nne.

Mambo haya si makubwa. Hatuombi ndege, twaomba viatu na fyekeo, na siku mbili zilizokatwa zirudishwe. Mwenzetu sasa anatembea, lakini kwa fimbo, na kazi ya njia haiwezi tena. Siku ya mkutano atakaa kiti cha mbele. Atakayetaka kusema kwamba msitu si kazi ya reli, basi na asimame mbele yake aseme.

Desemba iko karibu. Noeni mafyekeo.

Umoja ni nguvu.